Mteja Mwingine Yuko Njiani

Hili sikusimuliwa na mtu, na siku hiyo sikuwa na homa. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu hapa hapa Tukuyu, saa kumi jioni, ukungu umeshuka hadi huoni barabara inaishia wapi. Anayetaka kucheka acheke, ila anisikilize mpaka mwisho.

Mimi nafanya biashara ya ndizi. Nanunua kwa wakulima wa Lufingo, napeleka Mbeya, na miaka yote hiyo nimekuwa nikikodi magari ya watu. Mwaka jana nikaamua ninunue kirikuu changu, kigari kidogo cha mizigo, hata kama ni kilichotumika. Nikaelekezwa kwa dalali mmoja, Lusajo, kijana mwenye maneno matamu, aliyekuwa akiuza magari kwenye kiwanja nyuma ya maduka.

Kirikuu chenyewe kilikuwa cheupe, kinang'aa.

"Dada yangu, hiki kilikuwa cha mwalimu. Kanisani na nyumbani, basi."

Nikamwomba nije kesho na fundi akikague. Akacheka. "Fundi wa nini? Hao wanaharibu kizima ili wapate kazi."

Nikasema basi, nikafikirie. Hapo ndipo akatoa simu, akaiweka sikioni. "Ndiyo, mzee wangu. Bado kipo. Njoo tu na hela yako." Akanigeukia kwa huruma. "Ni mzee mmoja wa Matwebe. Ana koti jeusi refu, anatembea peku. Ukimwona humdhanii, lakini hela anayo. Yuko njiani. Nakwambia wewe kwa sababu nimekupenda, dada."

Sasa sikiliza. Kioo cha simu yake nilikiona. Kilikuwa kimezima, cheusi tii. Hakuwa akiongea na mtu, na mimi nilijua. Lakini utaniamini nikikwambia moyo ulianza kunienda mbio vilevile? Nilimwonea wivu mzee ambaye hayupo! Mkono ukaenda wenyewe kiunoni, kwenye khanga nilikofunga hela.

Tukasikia mtu anakohoa.

Alitoka kwenye ukungu taratibu, kama mtu anayepanda kutoka majini. Koti jeusi refu. Miguu peku, tena safi, na kiwanja chote kilikuwa tope.

"Mugonile," akatusalimu kwa Kinyakyusa.

"Ndaga," nikaitikia, kwa mazoea tu.

Lusajo alikuwa amekauka. "Shikamoo, mzee. Wewe... wewe ni nani?"

"Si umeniita? Kila mteja akija hapa, unaniita. Ninakotoka ni mbali, mwanangu. Leo ndiyo nimefika."

Akapita katikati yetu. Alinukia majani ya chai yaliyolowa. Akakipapasa kirikuu kuanzia nyuma hadi mbele, polepole, kama anayemtuliza ng'ombe, na kila mkono ulipopita rangi ikawa inayeyuka. Chini yake nikaona kutu, puti iliyozibia mashimo, na chuma kilichowahi kukunjika kikaungwa. Wala sikuogopa. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Ilikuwa kama kutazama mvua ukiwa dirishani. Akaingia, akafunga mlango, akanitazama.

"Wewe nenda nyumbani, mama. Hiki nimekiwahi mimi."

Vioo vikafunikwa na mvuke. Lusajo alipothubutu kufungua mlango, kiti kilikuwa kimelowa chapachapa. Mtu hakuna.

Rangi haikurudi. Lusajo aliacha udalali wiki hiyohiyo. Siku hizi analima ndizi kwa wakwe zake, Igogwe, na mimi hununua mikungu kwake. Amekuwa mkweli kupita kiasi. Ndizi ikiwa na doa, anakuonyesha mwenyewe. Lakini ukungu ukishuka tukiwa tunaongea, hugeuka katikati ya neno kuangalia njia. Nami huangalia. Hatujawahi kuulizana kwa nini.

Magari bado nakodi. Wewe unayekwenda kununua lako, ukisikia dalali anasema kuna mteja mwingine yuko njiani, usibishane naye, wala usimwite mwongo. Funga hela yako vizuri uondoke, kabla huyo mteja hajafika.