Moto Niliouwasha Kwenye Mafunjo ya Nzohe

Siku yangu ya kwanza kazini kama askari wa hifadhi, Mhifadhi Mkuu wa kisiwa chetu hakunipa bunduki. Alinipeleka ukingoni mwa ziwa, akanionyesha alama mbili ndefu, zilizotanuka, kwenye tope.

"Huyo ni nzohe," akasema, "swala wa majimaji. Kwato zake humzuia asizame. Nyumba yake ni mafunjo haya. Wewe hapa ni mgeni wake."

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Mwanza, nikajiona najua mengi.

Kisha vikaja viwanda vya minofu ya samaki. Sangara akapanda bei, na mitumbwi ikaanza kuingia kwenye ghuba zetu, mazalia ya samaki yasiyoruhusiwa kuvuliwa, ikivuta kokoro, wavu unaokomba hadi vifaranga. Tukiifukuza, inajificha kwenye mafunjo. Mhifadhi Mkuu aliposafiri aliniachia zamu. Nikaamua kuchoma kipande kidogo cha mafunjo ili tuwaone wavuvi. Upepo ukageuka. Kufika jioni ghuba nzima ilikuwa jivu.

Siku hiyohiyo tulikamata wavuvi watatu wa Kirumba. Kwenye kitabu cha matukio nikaandika kwamba moto ni wao.

"Afande, kokoro tunakubali," alisema mkubwa wao, Baba Neema. "Lakini mvuvi achome maficho yake mwenyewe? Ana akili gani huyo?"

Mhifadhi Mkuu aliporudi akaamuru wapelekwe polisi kwa makosa yote mawili. Injini ya boti ilikuwa imeshawashwa niliposema, "Mzee, moto niliwasha mimi."

"Na kitabuni aliandika nani?"

"Mimi pia."

Nilingoja kufukuzwa. Akasema, "Kata kwa mstari mmoja tu, uongo uendelee kusomeka. Andika ukweli chini yake. Kisha kila alfajiri utembee ghuba ile. Boti hupandi mpaka uniletee habari za unyayo wa nzohe."

Wavuvi walishtakiwa kwa kokoro tu. Mimi nilitembea kwenye jivu, kisha kwenye tope, masika yote. Mafunjo yalipofika kiunoni nikaziona: alama mbili ndefu, na pembeni mbili ndogo.

"Wako wawili, mzee!"

"Sasa umeajiriwa," akajibu.

Nimestaafu, naishi Kisesa. Nzohe wangapi waliungua sikuhesabu, na hilo halinitoki. Lakini namshukuru mzee yule, na Baba Neema pia. Nikienda kununua samaki mwaloni Kirumba, huniita mbele za watu: "Afande! Kiberiti umeacha nyumbani?" Namgeuzia mifuko yangu nje, aone mitupu. Ndipo ananichagulia sangara.