Debe Ukingoni mwa Korongo

Nakumbuka Jumapili za kijijini kwetu, chini ya msitu wa Ngorongoro, miaka ile sukari ilipokuwa ya foleni na shati moja lilivaliwa na ndugu wawili kwa zamu. Wenzangu mliokulia Karatu mtakumbuka mlio mmoja wa bunduki baada ya ibada, kisha kimya, kisha wanaume wakicheka. Mlio huo ulitoka kwetu.

Baba alikuja kutoka Singida kufanya kazi kwenye shamba la kahawa. Walowezi walipokuwa wakiondoka na kuuza vitu vyao, wenzake walinunua baiskeli na vitanda. Yeye alinunua bunduki kuukuu za kuwindia, zile za kutia risasi moja tu. Ukishapiga, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Alikuwa nazo tatu, zote kwa kibali, na moja haikuwa na risasi zake popote nchini. Jumamosi alizipaka mafuta, nasi tukala mlenda wenye harufu ya chuma. Jirani yetu Mzee Tluway hakuchoka kumtania.

“Wewe Mnyaturu, nyati akija ukamkosa, utampiga na kitako?”

Baba alisema mwenye risasi tano hatazami vizuri. Mpaka leo sielewi mtu wa kipato chake alipendea nini vyuma vile.

Jumapili aliweka debe bovu ukingoni mwa korongo. Kila mwanamume alipewa risasi moja, na kabla ya kufyatua alitaja mahali atakapopiga. Aliyepiga hakuruhusiwa kwenda kutazama. Alikwenda mwingine, na neno lake halikubishiwa. Sisi watoto tuligombania maganda tufanye filimbi. Mimi, kwa kuwa mkubwa, niliruhusiwa kushika bunduki na kulenga, bila risasi.

Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mahindi hayajakomaa. Niliacha shule nikiwa darasa la sita ili nilee wadogo zangu watatu. Baada ya matanga, baba mdogo alifika kutoka Singida na mpango wa ukoo: Yohana aende naye, Mariamu aende Mang’ola kwa shangazi akapalilie vitunguu, Neema achukuliwe na watu wa kanisani, mimi niolewe. Hakuwa mtu mbaya.

“Binti yangu,” aliniambia, “nguruwe pori watamaliza shamba hili. Mtakula nini?”

Nilimjibu kwamba nitalinda. Akauliza nitalinda kwa kitu gani, kwa fimbo? Ndipo Mzee Tluway, aliyekuwa na kibali, akasema atazichukua bunduki kwa jina lake na tutalinda pamoja, mradi nijue kupiga. Baba mdogo akasema basi debe liamue, kwa utaratibu wa marehemu. Nikikosa, asubuhi watoto wanaondoka.

Nilitaja kona ya juu, upande wa msituni. Nikafyatua. Bega likafa ganzi, moshi ukanijaa machoni, na debe, jinsi nilivyoliona, halikutikisika hata kidogo. Baba mdogo akaenda. Alisimama pale muda mrefu, ametupa mgongo. Aliporudi hakunitazama.

“Amepiga,” alisema. “Waache wakae pamoja.”

Mzee Tluway alitazama chini. Baadaye nilikwenda mwenyewe. Kona ile ilijaa matundu ya miaka, na sikujua lipi lilikuwa langu, au kama lilikuwepo. Nilipomuuliza baba mdogo, aliniuliza mahindi yanaendeleaje. Amekufa hajanijibu, nami sijui kama nilikuwa na shabaha au alikuwa na huruma.

Tulikaa. Wanne kwenye ngozi moja ya kulalia, blanketi moja, tukigombania makoko ya makande. Siku hizi vijana wetu wa utalii wanapiga simba mmoja picha mia, jioni wanafuta tisini na kulalamika simu imejaa. Yohana yuko Dodoma, Mariamu Arusha, Neema anaendesha magari ya wageni, na wote ni wazima, wamesoma.

Wakati ule ukoo mzima ulitaka kututawanya ukashindwa. Sasa hakuna anayetutawanya. Krismasi iliyopita niliwapigia simu wote watatu waje, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri kabisa ya kutofika. Nikarudisha sufuria kubwa juu ya kabati, nikapika kwa ndogo.