Motere Mbili za Kamio ya Shemasi

Kwetu Burungu watu wakisema gari njo iliua kaka yangu, mimi nanyanyuka na kutoka. Gari haiko na akili ya kuua. Kaka aliuawa na watu watatu: shemasi mwenye gari, muzungu wa shamba la pareto aliyetoa motere, ile injini, na fundi aliyeifunga. Majina yao siandiki, wajukuu wao wananisalimia njiani. Lakini kazi zao nimezisema, na muntu wa Masisi wa umri wangu ameshawajua. Nilisoma madarasa mawili tu. Haya nayaandika nikisimama-simama, sababu nikikaa, kiti kinanichoma.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabeleji wangali wanatawala. Shemasi wetu alikuwa muntu mweusi wa kwanza kwenye mulima wetu kuwa na kamio, gari kubwa la mizigo, na hata ile hakuipata nzima, aliiokota vipande vipande. Shasi, ile mifupa ya gari, ilitoka kwa muzungu wa pareto. Ilikuwa imelala kando ya uzio wake, ng'ombe wanajikuna juu yake. Magurudumu yalitoka kwingine. Kichwa alikichonga seremala kwa mbao, na mulango mumoja ulikuwa mulango kabisa wa nyumba, na komeo lake. Kaka alikuwa shofere. Mimi nilikuwa konvwayere wake: kupakia, kupakua, kuweka kipande cha muti nyuma ya gurudumu tukisimama penye mulima, na kuzungusha manivela, kile chuma cha kuwashia motere kwa mukono.

Tulikuwa tunashusha maharagi Walikale, kwa watu wa pori, na kupandisha mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Siku ya kwanza tulipofika Kibua, mama mumoja wa soko alizunguka kamio yote, mikono kiunoni.

"Shofere, huyu mutoto wako alizaliwa na baba wangapi?"

"Uliza mama yake, Mama," kaka akajibu. "Miye namulea tu."

Soko lote likacheka. Kaka alipenda ile kamio kuliko shamba, kuliko bibi aliyekuwa anamuchumbia.

Motere ya kwanza ilikuwa nzee. Asubuhi Burungu ni baridi ya kukata masikio, na ile motere ililala kama imekufa. Wamama wenye maharagi walitusaidia: wanawasha moto, wanachemsha maji katika vyungu vyao, tunayamimina mbele kwenye radiateri. Makaa tunayaweka katika kipande cha chungu na kuyasukuma chini ya tumbo la motere, oili ilainike. Halafu mimi na vijana wawili tunapokezana manivela. Ikikataa, inarudi nyuma na kukupiga mukono. Kiwiko changu hiki hakinyooki vizuri mpaka leo.

Kwa sababu ya taabu ile, hakuna aliyethubutu kuizima njiani. Ikiwaka Burungu, inalia mpaka Kibua. Kwenye mutelemuko kaka anaweka vitesi ya kwanza, ile gia ya nguvu, motere inaguna, inashika gari kama muntu anayeshika mbuzi kwa kamba. Freni tulizigusa kidogo tu. Zilikuwa freni za vyuma virefu vya kuvuta, za zamani sana.

Lakini ilianza kunywa oili na kutoa moshi mweusi. Tukamwita fundi. Akaifungua, akaingiza kidole, akanusa.

"Hii inapona," akasema. "Pete za pistoni zimekwisha. Nipeni muda, nitaifufua."

"Muda gani?" shemasi akauliza.

"Muda, Papa. Vipande vinatoka Bukavu."

"Maharagi yangu yanaoza, weye unaniambia Bukavu!"

Juma lile lile shemasi akaenda kwa muzungu wa pareto. Huko kulikuwa motere mupya, kubwa, iliyotolewa katika gari lingine. Wakapatana. Jumapili, baada ya maombi, shemasi akasimama mbele ya kanisa akasema vijana wote waende kupalilia pareto ya muzungu, ni kazi ya Bwana. Tulipalilia musimu muzima. Bwana hakuonekana pale, aliyeonekana ni kapita, musimamizi wa shamba, na fimbo.

Motere mupya haikuenea. Ilikuwa ndefu na nene, ikagonga chuma cha freni. Fundi akakikunja kile chuma, akakipitisha pembeni kama nyoka. Nilikuwa nimelala chini ya gari namushikia taa, nikamwona anakivuta, anakitazama, anakivuta tena.

"Papa fundi, kitashika?"

"Kitashika kama motere inashika. Mukishuka, mushuke ikilia."

Aliniambia miye, konvwayere. Nikamwambia kaka. Shemasi alipokuja kutazama, nikangoja fundi arudie maneno yale. Akasema tu, "Iko tayari, Papa," akapangusa mikono. Muzungu naye alipita juu ya farasi, akaona ile shasi yake na zile freni zake, akacheka: "Sasa iko na nguvu ya simba!" Yeye alijua shasi ile kuliko sisi sote. Akaenda zake.

Na kweli ilikuwa na nguvu. Unakanyaga demarere kwa muguu, inawaka. Hakuna makaa, hakuna maji ya moto. Wamama walibaki na vyungu vyao mikononi, wanaangaliana.

Shida ilikuwa esansi, mafuta ya kuendeshea gari. Motere iliinywa bila haya. Shemasi akaja asubuhi moja, tumeshapakia, akasimama kwenye ule mulango wa nyumba.

"Kwa mutelemuko mutazima."

Kaka akasema, "Papa, fundi alikataza."

"Fundi ananunua esansi? Ile ya zamani hamukuizima sababu ya manivela. Hii unakanyaga, inawaka. Unaogopa nini, mutoto wa kiume? Kama unaogopa, shuka, kuna vijana wengi wanataka usukani."

Kaka akanitazama. Ule usukani njo ulikuwa maisha yake. Akapanda.

Safari mbili tulizima, tukafika. Ya tatu, mvua ilikuwa imenyesha, gari imejaa mpaka juu, miye nimekaa juu ya mifuko. Tukafika mutelemuko wa kabla ya Kibua. Kaka akatoa vitesi, motere ikanyamaza, nikasikia upepo tu na majani. Halafu harufu ya freni inaungua. Halafu chuma kikalia chini, kile kilichokunjwa, kikaachana. Kaka akakanyaga demarere, motere ikawaka vizuri, lakini vitesi ilikataa kuingia, meno yanasagana tu.

"Ruka!" alipiga kelele. "Weye, ruka!"

Niliruka kwenye matete. Yeye alibaki na usukani wake. Tulimukuta chini ya bonde, na maharagi yamemwagika juu yake.

Wakauliza maneno ya kifo kile mbele ya bwana wa teritware, Mubeleji aliyetawala wilaya yetu. Shemasi akasema marehemu alipenda mwendo. Fundi akatazama viatu vyake. Muzungu hakuitwa. Miye nikaanza kueleza juu ya kuzima, karani akaniuliza kama niko na kibali cha shofere. Sina. "Basi, kaa chini." Sikukaa. Nilitoka.

Motere ilitolewa bondeni kwa kamba. Haikuwa na hata mukwaruzo. Musimu uliofuata shemasi alipata shasi nyingine, fundi yule yule akaifunga, na jioni moja wakaniita uani.

"Wewe unaijua hii motere kuliko wote," shemasi akasema. Sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa, kama ya Jumapili. "Utakaa mahali pa kaka yako. Kibali tutakutafutia."

Nikamuuliza, "Papa, kwa mutelemuko tutazima?"

Fundi akajifanya anakaza kitu. Shemasi akatazama gari, akatazama miye.

"Mwanangu," akasema, "esansi haitoki kisimani."

Kesho yake nilishuka Walikale kwa miguu.