Mshumaa wa Nne wa Majilio

Shangazi aliponiita nikaishi kwake Mikumi, nilipaswa kukataa.

Leo harufu ya mshumaa uliozimwa imenirudisha nyumbani kwetu Kilosa, kwenye sinia la bati lenye mishumaa minne na majani ya mpera. Mama hakutaka Majilio, zile wiki nne za kungoja Krismasi, yatuchoshe. Kila Jumapili mtoto mmoja aliwasha mshumaa na kuchagua wimbo, kisha tukala mihogo ya kuchemsha. Watoto tulikuwa watatu, na mwaka mmoja mshumaa wa nne niliuhesabu wangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Jumapili ilipofika, mama akampa mdogo wangu wa mwisho kiberiti.

"Mama, huyu si alishawasha?"

"Wa mwisho ni wa kitindamimba, baba. Mwachie mwenzio."

Mdogo wangu akanitolea ulimi. Nikamwonea wivu.

Shangazi, aliyekuja kututembelea, akacheka. "Njoo kwangu, utawasha yote peke yako!"

"Nakuja," nikasema, nikimtazama mama ili aumie.

Kila mwaka mama aliniita nije kwa Majilio, nami nikasingizia masomo, baadaye kazi. Alifariki bila mimi kuketi naye tena Jumapili hata moja. Mdogo wangu aliketi naye zote, na mpaka leo namwonea wivu.