Mto Mla Kofia

Kaskazini ya Kariakoo, ukishuka bondeni kuelekea Msimbazi, kulikuwa na kijito kilichotoka kwenye majimaji upande wa Ilala. Kiangazi kuku alikivuka bila kulowa mbawa. Masika kilijiona Rufiji. Watu wa juu walikiita Magimbi, kwa ajili ya magimbi waliyopanda kandokando. Wa chini, karibu na kinapoingia Msimbazi, walikiita Madobi. Pale katikati, njia yetu ya kwenda shamba la mpunga ilipokatiza, hakikuwa na jina. Waliokuwa wakipita pale nawakumbuka wote kwa majina, lakini sitawataja. Wajukuu zao wapo, na mimi sina nguvu za kugombana.

Jina alilileta baba. Ijumaa moja alitoka msikitini na kanzu mpya na kofia ya viua, akasema maji yale si ya kumvua mtu viatu. Alifika katikati akakaa kitako, kofia ikashika njia ya Msimbazi. Aliyemwona ni mtani wake, Mnyamwezi mchukuzi wa mizigo sokoni. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani: mtani akikutukana, hata msibani, unacheka. Ukinuna, wewe ndiye mkosaji. Asubuhi yake soko zima lilikuwa likisema Mto Mla Kofia.

Baba alivumilia mpaka dada yangu alipopata mchumba wa Magomeni. Washenga walikuwa waje, na njia yao ilipita palepale. Baba akampelekea mtani jogoo.

"Mtani, wakwe wakiuliza habari za ule mto, nyamaza."

"Kwa jogoo huyu? Mimi bubu, mtani."

Washenga wawili walifika vichwa wazi, kofia wamezibana kwapani. Mtani alikuwa ameshakaa mkekani, maana mtani haalikwi. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia.

"Tumeambiwa njiani mto wenu unakula kofia," akasema mshenga mkubwa. "Una nini?"

Baba akakohoa. "Mambo ya zamani hayo. Pana jini kidogo."

"Jini kidogo ndiye wa kiasi gani?"

"Wa kofia tu."

Mshenga mkubwa akaweka kikombe chini. Akasema binti hawezi kuvushwa penye jini hivi hivi. Itabidi achinjwe kondoo pale kivukoni, na kwa kuwa mto uko upande wa bibi harusi, kondoo atoke kwa baba yake. Ikishindikana, wao watarudi kwao wakafikiri upya. Dada akanifinya mkono mpaka nikauma khanga.

Baba akamgeukia mtani. "Waeleze mabwana ukweli wa ule mto."

Mtani alikuwa akipuliza kahawa yake. "Nimekula jogoo mimi. Sina mdomo."

"Nakuruhusu."

"Wewe umeruhusu. Jogoo hajaruhusu."

Baba akainamisha kichwa. "Hakuna jini. Nilianguka mimi, kofia ikaenda na maji."

Washenga wakatazamana. Mkubwa akasema kwa upole, "Bwana, kama kondoo ni mzigo, sema tu. Usimkane jini wako."

Ndipo mama aliposema nyuma ya pazia, "Alianguka, mabwana. Kanzu niliifua mimi, na tope la makalioni halijatoka mpaka leo. Jini gani huyo wa kumkalisha mtu kitako?"

Mshenga mdogo ndiye aliyeanza kucheka. Mkubwa alijikaza, mpaka kahawa ikamtokea puani. Wakavaa kofia zao, wakaanza kuzungumza mahari.

Harusi ilifanyika. Hadithi ilivuka na washenga, na baada ya muda mto wote, Magimbi na Madobi pamoja, ukawa Mla Kofia. Aliyeumia ni dada. Kule Magomeni walimwita Binti Mla Kofia mpaka alipojifungua na kuitwa kwa jina la mwanawe. Baba alipokwenda kumtazama mjukuu, alizunguka mbali, kwa daraja.