Kaburi la Barua ya Mfalme

Mume wangu Atuti alienda vitani upande wa Abisinia, akabaki huko. Kilichorudi ni barua. Karani wa chifu aliisoma mbele ya watu: Atuti alimbeba mgongoni ofisa aliyejeruhiwa, akamfikisha kwa daktari, kisha akafa yeye. Ofisa huyo alikuwa wa ukoo wa mfalme wa Waingereza, na mfalme alikuwa ananishukuru mimi, Yunia, mke wa Atuti. Chini alitia sahihi kwa mkono wake. Mimi sijui kusoma, lakini nilionyeshwa jina langu lilipo.

Nilikuwa msichana bado, na mtoto mmoja wa kike, Mellen. Bogonko, ndugu ya mume wangu, akataka kunirithi. Nikakataa. Tangu hapo akanifanya mtumishi. Baada ya uhuru tulinunua shamba huku karibu na Chepilat. Pesa ya wimbi langu, nafaka ya uji, iliingia katika shamba hilo. Jina langu halikuingia.

Aliyenitetea ni mama mkwe, Nyatichi. Alisema mtoto wake hawezi kukosa kaburi, na kwamba penye kaburi la mume, mke hafukuzwi. Akaichukua barua na kofia ya Atuti, akavitia kwenye mkebe, akauziba kwa nta. Tukauzika kwenye kilima cha shamba hilo kama mtu, na mchungaji akaomba. Pembeni nikapanda chai yangu. Kisha Nyatichi naye akafa, nikabaki na lile kaburi tu la kunisemea.

Mwaka wa sabini na moja akaja Johana, Mkipsigis kutoka Litein, anayenunua vitu vya zamani: viti vya wazee, ngao, nishani za askari. Alisema kuna mzungu Kericho anayekusanya barua za wafalme za wakati wa vita, na yenye sahihi ya mkono hulipiwa vizuri kuliko ng'ombe.

Bogonko akaja kwangu akitabasamu.

"Shemeji, kuna karatasi yetu pale chini inaliwa na mchwa bure."

"Si karatasi. Ni ndugu yako."

"Ndugu yangu alikuwa na miguu."

"Na kaburi likiondoka, kilima kitakuwa cha nani?"

"Cha wenye watoto wa kiume," akasema, akaenda zake.

Wiki ile sikuchuma chai, niling'oa tu. Kila nikisikia jembe mahali nilinyanyua kichwa. Pale kituoni pa kuuzia chai, karani wa mizani alimwaga majani yangu yote chini. "Mama Mellen, leo umetuletea kuni," akasema, na wanawake wakacheka. Nilikuwa nahesabu tu njia ya kurudi nyumbani kabla Bogonko na Johana hawajaanza kuchimba.

Jumamosi, mvua ilipokatika, niliwakuta kilimani. Bogonko alikuwa ndani ya shimo, udongo ukimfika magotini. Johana ameketi juu ya kikapu changu, anatafuna mua.

Nikasimama kwenye ukingo.

"Chimba, shemeji. Lakini kaburi likifunguliwa halifungwi tupu. Ukitoa cha Atuti, unaweka chako, na mwenye kitu hukifuata. Mama yako alikufundisha."

"Mimi ni mzee wa kanisa. Hayo niliyaacha."

"Basi vua shati uweke."

Akamtazama Johana. "Weka wewe koti lako. Ni kuukuu."

"Koti hili?" Johana akatema kapi la mua. "Makaburi yenu siyajui, mzee. Mimi hununua tu. Vua wewe, hakuna baridi."

Bogonko akashika kifungo cha kwanza cha shati. Akakiachia. Akanigeukia.

"Leta leso yako, Yunia."

"Jina langu limo ndani ya mkebe huo. Mimi nilishazikwa hapo zamani. Wa kuweka ni mtu mwingine."

Bogonko alitoka kwenye shimo haraka, kwa mikono na magoti, akashuka kilima bila kumuaga Johana. Jembe lake likabaki ndani, limelala juu ya udongo laini. Mimi sikungoja. Nikaurudisha udongo kwa mikono yangu, wote, nikaukanyaga mpaka ukashikana.

Jumatatu akaja mlangoni, hatabasamu.

"Shemeji, jembe langu liko wapi?"

"Ulipoliacha."

Tangu hapo amekonda. Anasema usingizi umemkimbia. Siku nyingine namwona amesimama chini ya kilima, ameshika jembe jipya, anatazama juu. Akitaka kutoa kitu chake itabidi afungue kaburi, na akifungua, atie kingine. Sijui hofu ipi itamshinda. Johana naye amepita mara mbili, ananisalimia kwa heshima na kuuliza habari za mvua.

Chai nachuma nikiwa nimeelekea kaburini. Mashina ya upande wa pili yamepita wakati wake, majani yamekuwa magumu, na siwezi kuyageukia nikalipa kaburi mgongo.