Gari Lililomsikia Maurice

Yaya Kasoki, dada yangu mkubwa, aliendesha gari wakati wanaume wengi wa mtaa wetu wa Mangobo walikuwa bado wanasukuma baiskeli. Nasema hivyo makusudi, maana wapo waliotaka jambo hilo lisahaulike. Alikuwa na Peugeot kuukuu yenye turubai nyuma, akienda nayo Bengamisa kununua mpunga. Mumewe Katembo ndiye aliyemfundisha. Kisha Katembo akafa kwa homa, na tangu matanga yake gari likaanza kuzima njiani.

Mjini lilikwenda bila shida. Lakini ukivuka daraja la Tshopo na kushika barabara ya Bengamisa, baada ya mwendo mrefu injini ilianza kukohoa, ikashtukashtuka, ikazima. Mafundi walisafisha kabureta, wakabadilisha mpira wa pampu, wakachoka.

Maurice, mdogo wa marehemu, ndiye aliyemsindikiza dada kwenye safari hizo. (Serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, na karatasi zake zilimwita vingine, lakini nyumbani alibaki Maurice.) Gari likizima, Maurice alishuka, akafungua tangi, akachovya kijiti kuona kama esanse, yaani petroli, ipo, halafu akasimama pale pale kumwomba kaka yake apunguze hasira. Na gari liliwaka. Kila safari ilikuwa hivyo hivyo. Basi wakwe wakakubaliana kwamba Katembo hataki mwanamke ashike usukani wake, na kwamba gari linamsikia Maurice peke yake. Likizima tena, funguo ziende kwake.

Mimi nilikasirika sana. Bila gari lile dada angerudi kuuza mihogo kwa mafungu, na ni Katembo huyo huyo aliyemkalisha kwenye usukani!

Kasoki hakugombana na mtu. Siku moja tukipepeta mchele uani, akaweka ungo chini.

"Maombi inakuyaka nyuma," akaniambia. "Mbele ya kuomba, Maurice anafunguaka tangi." Yaani kila mara tangi lilifunguliwa kwanza, maombi yakafuata.

Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya usafi wa mtaa, ilipokwisha na kila mtu kurudisha jembe lake nyumbani, tuliondoka watatu. Gari likazima katikati ya msitu, kama kawaida yake. Maurice akafungua mlango.

"Ngoja, shemeki," dada akasema. "Usiguse tangi."

Aliinua kifuniko cha injini akatuonyesha kikombe cha kioo kilicho kwenye pampu, pale esanse inapopita. Kilikuwa karibu kitupu, na tangi tulikuwa tumelijaza kabla ya kutoka.

"Esanse iko, lakini haifike hapa. Bon, sasa omba."

Maurice akaomba. Aliomba vizuri, amefumba macho, akamtaja kaka yake kwa majina yake yote. Dada akajaribu kuwasha, na injini ikazunguka bure. Maurice akaomba tena kwa sauti zaidi. Bure vilevile, na nusura nimwonee huruma.

"Sasa fungua tangi. Usiseme kitu, sikia tu."

Maurice akachomoa kizibo. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua akaachiliwa. Dada akazungusha injini, kikombe kikaanza kujaa, na gari likawaka bila kuombwa na mtu.

Sote watatu tukakitazama kile kizibo. Wakati wa matanga esanse ilikuwa haba, na wezi walipoinyonya kwenye tangi letu waliondoka na kifuniko pia. Maurice akachonga kingine kwa soli ya sapatu nzee, akakigongomea kwa nguvu zake zote. Alifanya kazi safi, hata hewa haikupenya. Esanse ikipungua, hakuna kilichoingia kushika nafasi yake, na pampu ikashindwa kuvuta. Marehemu tulimsingizia tu.

Dada akatoa sindano yake ya kushonea magunia, akakitoboa kizibo katikati. Tulifika Bengamisa, tukapakia mpunga, tukarudi, na gari halikukohoa hata mara moja. Mimi niliimba njia nzima. Kifua kilinijaa fahari kama ni mimi niliyeshika usukani.

Baba mkwe wa dada alikuwa akitungoja mlangoni pamoja na wenzake, jua bado liko juu.

"Alors, Maurice, kaka yako alisema nini?"

Maurice aliangalia miguu yake kwanza.

"Alisema gari iko ya bibi yake, Yaya Kasoki, papa."

Yule shemeji alikuwa ametufungulia mlango mzuri wa kutokea, na mwanamke mwingine angepita hapo na kumshukuru. Kasoki akafunga funguo kwenye pindo la kitenge chake.

"Katembo hakusema kitu, papa," akasema. "Ni mimi nilisema."